Gavana wa Kuletwa na Rais wa Kuchaguliwa

 Nyinyi wa kwetu Shishiyu katika wilaya ya Maswa, najua kwamba saa hizi mmekwisha kuwafunga ng'ombe zizini na mmekaa kupumzika. Leo nataka kuwaeleza habari za neno moja, nalo ni neno "gavana". Kwa njia ya neno hilo nitawafikisha kwenye siku moja ya mwaka wa 1962, siku ambayo watu wa Tanganyika waliulizwa kwa mara ya kwanza ni nani awe mkuu wa nchi yao.

Neno gavana sisi twalijua, na Wamarekani walijua, lakini halina maana moja kwetu na kwao. Kwa wazee wetu gavana alikuwa mtu aliyekuja kwa meli. Alichaguliwa London na watu ambao hawakupata kuona shamba la pamba, akateremka Dar es Salaam na kofia yake yenye manyoya, akakaa miaka yake, akaondoka, akaja mwingine. Hakuna mtu wa Maswa aliyeulizwa kama anamtaka au hamtaki. Alikuja Bwana Byatt, akaja Bwana Cameron, wakaja wengine, akaja Bwana Twining mwaka wa 1949, na wa mwisho akawa Bwana Turnbull, aliyeshika kazi mwaka wa 1958.

Kwa Wamarekani gavana ni mtu wa jirani. Nchi ya Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake, baraza lake la kutunga sheria, mahakama zake na hazina yake. Mkuu wa serikali ya jimbo ndiye gavana, naye hupigiwa kura na watu wa jimbo zima. Hata Rais wa Marekani hana uwezo wa kumweka gavana wala kumwondoa. Katika majimbo mengi tena watu hawaishii kwa gavana tu. Siku ile ile humchagua naibu wake, na mwanasheria mkuu wa jimbo, na katibu wa jimbo, na mtunza hazina, na mkaguzi wa hesabu, na mahali pengine hata msimamizi wa shule. Fikirini jambo hilo, nyinyi wanafunzi: mtunza fedha na mkaguzi wa fedha, kila mmoja amepewa kazi yake na wananchi wenyewe, kwa hiyo hakuna mmoja awezaye kumwambia mwenzake, "Nyamaza, mimi ndimi niliyekuweka." Majimbo hayafanani katika jambo hili, mengine huchagua wakuu wengi, na mengine huchagua wawili tu, gavana na naibu wake. Mimi naona kwamba kuchagua wengi mno kwaweza kumchosha mpiga kura, maana ni nani awezaye kuwafahamu watu wote hao? Lakini hiyo ni desturi yao.

Msidhani kwamba mambo yao yalikuwa safi tangu mwanzo. Kwa muda mrefu kila chama cha siasa Marekani kilichapisha karatasi zake chenyewe zenye majina ya watu wake tu, mara nyingi za rangi yake, na mpiga kura alikwenda kituoni nayo mkononi mbele ya macho ya watu. Bwana aliyemwajiri alimwona, na mtu aliyemkopesha fedha alimwona. Desturi ya Serikali kuchapisha karatasi moja yenye majina yote, na mtu kuitia alama peke yake mahali pa siri, ilianzia Australia mwaka wa 1856. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuitumia kwa uchaguzi wa jimbo zima mwaka wa 1888, na mengine yakafuata. Wanawake nao walingoja. Mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika nchi ile, Bibi Nellie Tayloe Ross wa jimbo la Wyoming, alichaguliwa mwaka wa 1924 baada ya mumewe, aliyekuwa gavana, kufa, akashika kazi Januari mwaka wa 1925.

Mwaka huo huo wa 1925 ndio aliofika Bwana Cameron Tanganyika. Mwaka wa pili yake, yaani 1926, Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa Dar es Salaam. Wajumbe wake wote waliteuliwa na Gavana, na hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Miaka 19 ikapita hivyo. Mwaka wa 1945 ndipo waliteuliwa Waafrika wawili wa kwanza: Mangi Abdiel Shangali wa Machame, na Ntemi Kidaha Makwaia wa upande wetu wa Shinyanga. Wasukuma walifurahi kuona mtu wao amekaa katika baraza kuu la nchi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Walakini yeye naye aliteuliwa, hakuchaguliwa.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana wako watu wadhanio kwamba mambo ya kuchagua mkuu tuliletewa kutoka Ulaya pamoja na sukari na baiskeli. Sivyo. Zamani katika Usukuma ntemi hakujisimika mwenyewe. Walikuwako wazee walioitwa banang'oma, na kazi yao ilikuwa kumtafuta mtu wa kushika kiti baada ya ntemi kufa. Tena katika sehemu nyingi hawakumtwaa mwana wa ntemi bali mwana wa dada yake. Mvua ikikosekana na njaa ikiingia, ntemi alikuwa hatarini mbele ya wazee wale wale. Vijana nao walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyewaongoza katika kazi za kulima pamoja, na huyo walimchagua wenyewe kwa kumtazama kazini. Sikusudii kusema kwamba ule ulikuwa uchaguzi wa watu wote. Wanawake hawakuulizwa, wala mtu asiye wa ukoo wa watemi hakuweza kutumaini kiti. Lakini watu walijua kwamba utawala una wenye kuutoa. Serikali ya Kiingereza ilipokuja kuwatumia watemi katika kazi ya utawala, ntemi alihitaji kukubaliwa na Bwana Shauri, naye akalipwa mshahara na Serikali. Tangu hapo macho yake yalianza kutazama upande mwingine.

Basi sasa tuje kwenye kura zenyewe. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Serikali ilikikatalia kufungua matawi katika Usukuma, na katazo hilo lilidumu mpaka 1958. Mwaka huo huo palitokea ghasia ya Geita, watu walipokataa baraza la mchanganyiko wa mataifa walilowekewa, wakaenda kwa maelfu mpaka Mwanza kutoa malalamiko yao. Ndipo, katikati ya joto hilo, ukaja uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, nao ulifanywa kwa sehemu mbili, Septemba mwaka wa 1958 na Februari mwaka wa 1959.

Uchaguzi huo waitwa kura tatu hata leo, na sababu yake ni hii. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Ukiacha nafasi moja, karatasi yako haihesabiwi. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilipasa uwe na umri wa miaka 21, na juu ya hayo uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au uwe umeshika kazi fulani za utawala. Shilingi 3,000 wakati ule! Mkulima wa pamba wa Maswa, mwenye mke na watoto na jembe la mkono, angezipata wapi? Kwa hiyo walioandikishwa walikuwa wachache sana katika nchi ya watu zaidi ya milioni 8.

TANU ilikutana Tabora Januari mwaka wa 1958 kushauriana. Wengi walikuwa na hasira, wakataka kuususia uchaguzi ule. Mwalimu Julius Nyerere akawasihi washiriki, maana alihofu kwamba wakikaa nje, watu wengine wataingia mlangoni na kuufunga kwa ndani. Shauri lake likashinda. Lakini mtu mmoja, Bwana Zuberi Mtemvu, aliyekuwa miongoni mwa watendaji wakubwa wa TANU, hakukubali. Akatoka, akaanzisha chama chake, African National Congress, chenye kusema kwamba Afrika ni ya Waafrika tu. Lishikeni jina lake, maana tutakutana naye tena.

Uchaguzi wa pili ulikuwa wa Agosti, 1960. Sasa masharti yalilegezwa, hata mtu ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kuandikishwa. Viti vilikuwa 71, na TANU ilitwaa 70. Kile kimoja cha Mbulu kilikwenda kwa Bwana Herman Sarwatt, ambaye alikuwa mtu wa TANU vile vile ila alisimama kinyume cha mtu aliyeteuliwa na chama. Watu husimulia habari hizi kwa fahari, na fahari yao ina haki yake. Lakini liko jambo ambalo halisimuliwi sana. Katika majimbo ya uchaguzi 71, majimbo 58 hayakupiga kura kabisa, maana mtu wa TANU alikuwa peke yake, akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Sehemu kubwa ya nchi ilipata wabunge bila mtu hata mmoja kushika karatasi.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba, 1961. Mwalimu Nyerere akawa Waziri Mkuu, na Bwana Turnbull akabaki kama Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia. Januari mwaka wa 1962 Mwalimu alijiuzulu ili akajenge chama, na Bwana Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Ikaamuliwa kwamba nchi iwe jamhuri, yaani isiwe na malkia wala gavana, bali iwe na Rais mmoja aliye mkuu wa nchi na mkuu wa serikali pia. Na Rais huyo wa kwanza achaguliwe na watu wenyewe, nchi nzima, siku moja.

Siku ikafika, Alhamisi tarehe 1 Novemba, 1962. Mashindano yalikuwa kati ya watu wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Julius Nyerere wa TANU. Wa pili ni Bwana Zuberi Mtemvu wa Congress, yule yule aliyetoka Tabora kwa hasira. Walitofautiana hasa juu ya nani awe mtu wa nchi hii. Nyerere alishikilia kwamba uraia usitazame rangi ya ngozi, na mwaka mmoja nyuma, Oktoba mwaka wa 1961, sheria ya uraia ilipoletwa bungeni, alisema wazi kwamba yu tayari kuacha kazi kuliko kukubali sheria ya ubaguzi. Mtemvu aliona kwamba Mwafrika aliyekaa nyuma siku zote apewe nchi yake kwanza, na kazi za serikali zitolewe mikononi mwa wageni upesi. Mimi nasimama upande wa Nyerere katika jambo hili, wala sifichi. Lakini sitasema kwamba maneno ya Mtemvu hayakuwa na wasikilizaji. Karani wa Kiafrika aliyefanya kazi ile ile ya Mzungu kwa mshahara mdogo aliyaelewa sana.

Kura zilihesabiwa, na hesabu ikawa hii: Nyerere kura 1,127,978, Mtemvu kura 21,276. Wanafunzi, chukueni kalamu. Jumlisheni, mtapata 1,149,254. Gawanyeni jumla hiyo kwa kura za Mtemvu, mtaona kwamba katika kila karatasi 54, moja ilikuwa yake. Ni kama darasa kubwa la watoto 54, watoto 53 wameinua mkono upande huu, na mtoto mmoja ameinua upande ule.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu aliniuliza, "Mwalimu, mtu yule alijua kwamba atashindwa. Mbona alisimama?" Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana ni swali jema kuliko mengi niulizwayo.

Nilimjibu hivi. Kumbuka majimbo 58 ya mwaka wa 1960, ambako mtu alikuwa peke yake na karatasi hazikupigwa. Mtu akipita bila kupingwa, twaweza kusema kwamba watu walimpenda, lakini hatuwezi kupima mapenzi yale. Hatujui ni wangapi waliompenda, na wangapi walinyamaza, na wangapi walilala nyumbani. Mwaka wa 1962 twajua. Twajua kwa hesabu kwamba watu 1,127,978 walimtaka Nyerere hali mtu mwingine alikuwapo na wangeweza kumtwaa. Nani aliyempa Nyerere ushahidi huo? Ni Mtemvu. Pamba yako haina uzito mpaka iwekwe kwenye mizani, na mizani ina pande mbili. Mkulima wa Maswa ajua habari ya mizani. Baba zetu walidhulumiwa kwenye mizani za wanunuzi miaka mingi, mpaka wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na jambo hilo vyama vya ushirika vikaota katika Usukuma mzima.

Lakini lazima niseme na upande mwingine. Uwanja haukuwa sawa. TANU ilikuwa na matawi nchi nzima na heshima ya kuleta uhuru, na Congress haikuwa na kitu ila maneno. Tena mwaka huo huo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumruhusu mkuu wa nchi kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani. Mtu anayesimama kushindana na mkubwa wakati sheria kama hiyo imekwisha kuandikwa yahitaji awe na moyo. Na wale watu 21,276 waliompa kura walikuwa na moyo vile vile, ingawa majina yao hayakuandikwa popote. Na ni vema kwamba hayakuandikwa, maana ndiyo faida ya kura ya siri.

Tarehe 9 Desemba, 1962, Tanganyika ikawa jamhuri. Bwana Turnbull akaondoka, na neno gavana likatoka katika utawala wetu. Mwaka wa 1963 utawala wa watemi nao ukafutwa kwa sheria. Kwa hiyo katika muda wa miezi michache tu, mtu wa Shishiyu aliachwa na gavana na ntemi pamoja, akabaki na Rais aliyemchagua mwenyewe, na chini ya Rais akawekewa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ambao hakuwachagua.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Baada ya muungano na Zanzibar mwaka wa 1964, katiba ya mwaka wa 1965 iliruhusu chama kimoja tu kwa upande wa Bara, yaani TANU. Kura ya Rais ikawa ya mtu mmoja, na mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana. Ilikuwa hivyo mwaka wa 1965, 1970, 1975, 1980, na tena 1985 na 1990 wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Lakini kwa wabunge ilikuwa namna nyingine. TANU iliweka watu wawili katika kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Hapo watu wa Usukuma walifanya jambo la kuwashangaza wengi. Bwana Paul Bomani, waziri mkubwa, mtu aliyewaongoza wakulima wa pamba katika kujenga ushirika, alishindwa katika uchaguzi wa 1965. Watu walimheshimu, lakini kura hawakumpa. Rais alimteua tena kuwa mbunge na waziri, kwa kuwa katiba ilimruhusu. Basi hapo mwaona ya kuchaguliwa na ya kuteuliwa katika maisha ya mtu mmoja, mwaka mmoja.

Mwaka wa 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena. Na tarehe 29 Oktoba, 1995, mpiga kura aliyeshika karatasi ya Rais aliona juu yake majina ya watu wenye kushindana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Novemba 1962. Ilikuwa imepita miaka 33. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kura ya Mtemvu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wa shule.

Karatasi ile ya mwaka wa 1995 yatuhusu sisi wa upande huu hasa, maana mmoja wa washindani wanne alikuwa mtu wa kwetu, Bwana John Momose Cheyo wa Bariadi, wa chama cha UDP. Watu walimwita Bwana Mapesa, kwa jinsi alivyoahidi kuwatajirisha. Kuna waliomcheka. Lakini kura zake zilikuwa 258,734, mara 12 na zaidi ya kura za Mtemvu. Bwana Benjamin Mkapa alishinda kwa kura 4,026,422, Bwana Augustine Mrema akawa wa pili kwa kura 1,808,616, na Profesa Ibrahim Lipumba wa tatu kwa 418,973. Cheyo alikuwa wa nne, naye akasimama tena mwaka wa 2000, na baadaye alipata kuwa mbunge wa Bariadi Mashariki. Sina chama ninachokisemea hapa. Nasema tu kwamba mtu wa nchi ya pamba na ng'ombe alisimama mbele ya taifa lote akaomba kazi ya juu kabisa, na watu zaidi ya robo milioni wakamwambia ndiyo.

Sheria ya wakati ule ilimtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote. Mkapa alipita kipimo hicho kwa urahisi. Mwaka wa 2000 katiba ikabadilishwa, na tangu hapo kupata kura nyingi kuliko kila mwenzako kukawa kwatosha. Hilo si jambo dogo, ingawa watu wengi hawakuliona lilipopita. Washindani wakiwa wengi, mtu aweza kushinda hali walio wengi hawakumtaka.

Sasa turudi kwa neno letu gavana, maana jirani zetu wamelifufua. Kenya iliandika katiba mpya mwaka wa 2010, ikaigawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti ina gavana wake wa kuchaguliwa. Magavana wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi, 2013. Siku hiyo kila mpiga kura alipewa karatasi sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi mwanamke, ya mbunge, na ya mjumbe wa baraza la kaunti. Mwaka wa 2017 wanawake watatu walichaguliwa kuwa magavana, Bibi Joyce Laboso katika Bomet, Bibi Charity Ngilu katika Kitui, na Bibi Anne Waiguru katika Kirinyaga.

Kwetu ni namna nyingine. Mkoa wetu wa Simiyu ulikatwa kutoka Shinyanga mwaka wa 2012, makao yake yakawekwa Bariadi. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vile vile. Wako wasemao kwamba hivyo ndivyo ilivyo vema, maana nchi yenye makabila zaidi ya 100 ikichagua magavana, kila kabila litataka lake, na umoja utavunjika. Wengine husema kwamba mkuu asiyechaguliwa humwogopa aliyemweka na kuwasahau anaowatawala. Nimezisikia hoja zote mbili zikisemwa kwa nguvu na watu wenye akili. Kwangu hoja ya umoja ina uzito, lakini sioni kwamba yatosha kuwa jibu la milele. Wasukuma walimkataa Bomani, Msukuma mwenzao na mtu wa pamba, mwaka wa 1965. Mpiga kura si kipofu wa ukoo kama wengine wanavyodhani.

Na kabla saa haijaisha, nataka mwangalie karibu zaidi ya Bariadi. Hapo hapo Shishiyu wako wakuu ambao sisi wenyewe huwapigia kura: mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti wa kijiji pamoja na halmashauri yake, kila miaka mitano. Uchaguzi wa namna hiyo ulifanywa tarehe 27 Novemba, 2024. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Yeye ni mwajiriwa, na mara nyingi vitabu vya mapato vimo mikononi mwake. Basi angalieni tofauti yetu na yule Mmarekani amchaguaye mtunza hazina wake. Sisi hatumchagui mwenye vitabu, lakini twapewa njia nyingine. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitwa kila miezi mitatu, na kila mtu wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, mwanamume na mwanamke, bila kuulizwa darasa la nane wala shilingi 3,000. Hapo mapato na matumizi husomwa, na mtu aweza kusimama akauliza fedha ya soko ilikwenda wapi, na fedha ya ushuru wa pamba ni kiasi gani. Mahali pengine mkutano huo hauitwi mwaka mzima, na wala hapana aulizaye. Mahali pengine huitwa, nao hujaa mpaka watu hukaa chini ya miti ya pili na ya tatu, na mama mmoja aliyeshika mtoto mgongoni huwauliza wakuu swali ambalo wanaume wote walikuwa wakiliogopa.

Saa yangu imekwisha. Kwaherini.